Ulianza kuogelea ukubwani? Stopwochi isikufukuze majini

Hebu tuanze na swali la aibu kidogo. Mkienda Mombasa na marafiki, wewe huwa nani kwenye kundi? Kuna wale wanaoruka majini kabla mizigo haijatolewa kwenye gari. Kuna wa kupiga picha. Halafu kuna mshika simu. Huyu husimama maji yakimfika magotini, mikononi ana simu nne, funguo za gari na kibeti cha mtu, na kila akiitwa "ingia basi!" anajibu ati maji ni baridi. Maji ya Nyali, saa saba mchana, baridi!

Mimi nilikuwa mshika simu mpaka nikafika miaka 26. Nimezaliwa na kulelewa Nairobi, shule zangu zote hazikuwa na kidimbwi, na kwetu maji yoyote yaliyozidi ya beseni yalikuwa ya kuogopwa. Siku nilipojiandikisha kujifunza, kocha aliniweka upande wa kina kifupi pamoja na watoto wa miaka sita. Mmoja akaniuliza kwa upole kabisa, "Auntie, kwani wewe pia unaogopa?" Nikamwambia naogopa sana. Akanishika mkono, akanionyesha vile watu hutoa mapovu.

Sasa nina miaka 31 na swali langu limebadilika. Mtu aliyejifunza kuogelea akiwa mkubwa, asiye na udhamini wala ndoto ya kuvaa jezi ya taifa, achukulie mambo haya kwa uzito gani? Afuate ratiba ya mazoezi na kuingia mashindano, ama aende tu Jumapili, avuke kidimbwi mara mbili, aagize chipsi?

Ukikaa kando ya kidimbwi chochote mjini utasikia kambi mbili. Watu wa chipsi watakuambia, "Kwani mnashindana na nani? Olimpiki mnaenda lini?" Watu wa stopwochi nao watakuambia kwamba kama hupimi muda, basi unaoga tu. Nimeishi kambi zote mbili. Kila moja iliniumiza, ama iliumiza mtu ninayempenda.

Kwanza nimalizane na hilo swali la "mnashindana na nani", maana linanikera. Kila mwaka maelfu ya watu hukimbia marathon ya Nairobi. Wengi ni walimu, makarani, watu wa benki, mama wa watoto watatu. Kelvin Kiptum alikimbia Chicago mwaka 2023 kwa saa 2 na sekunde 35, rekodi ya dunia, na hakuna hata mmoja wa hawa anayeota kumkaribia. Wengine hukimbia kilomita 10 na kufika wakitembea. Umewahi kusikia mtu akiwauliza wanashindana na nani? Medali inawekwa kwenye status, bosi anapongeza, maisha yanaendelea. Lakini mtu wa kuogelea akisema Jumamosi ana gala, watu wanaangaliana. Nadhani ni kwa sababu vidimbwi vyetu vingi viko kwenye shule za karo kubwa na vilabu vya wanachama, kwa hivyo tumezoea kuona waogeleaji wa aina mbili tu: watoto wa wenye pesa na akina Jason Dunford. Mtu mzima wa kawaida akivaa kofia ya mpira na miwani, anaonekana amepotea njia.

Huko nje jambo hili lina jina na lina kanuni. Linaitwa masters. Mwaka 1970, mjini Amarillo, Texas, waogeleaji wachache waliokuwa wameacha mashindano tangu ujana walikutana tena kushindana. Mmoja wa waliosukuma wazo hilo alikuwa daktari wa jeshi la majini la Marekani, Ransom Arthur, aliyeamini kwamba mtu mzima akiwa na mashindano mbele yake ana sababu ya kuendelea na mazoezi. Mwaka 1986 yakafanyika mashindano ya kwanza ya dunia ya masters, Tokyo.

Kwenye kanuni za dunia unaanza ukiwa na miaka 25, na mnagawanywa kwa miaka mitano mitano: 25 hadi 29, 30 hadi 34, hivyo hivyo mpaka wazee kabisa. Ukiwa na miaka 36 hutawekwa pamoja na kijana wa 19. Kuna raha nyingine hapa: ukitimiza miaka 40 unakuwa mdogo wa kundi jipya, kwa hivyo kuzeeka kunakuwa habari njema. Kanuni zenyewe zina huruma. Kama unaogopa kuruka kutoka kwenye jukwaa, unaruhusiwa kuanzia kando ya kidimbwi au ukiwa ndani ya maji, ukisukuma ukuta kwa miguu. Hata mtindo wa kipepeo unaruhusiwa kuuogelea kwa mateke ya chura. Waliotunga kanuni hizi walitaka urudi mwaka ujao.

Nashikilia hilo neno, kurudi, kwa sababu ya rafiki yangu.

Tulianza mwezi mmoja, yeye na mimi. Alikuwa bora kuliko mimi tangu siku ya kwanza. Nilipokuwa bado nashika ukuta, yeye alikuwa anapumua kushoto na kulia. Baada ya mwaka mmoja akajiunga na kundi fulani la mazoezi ambalo kocha wake alizoea watoto wa miaka 14 wanaowania timu za taifa. Kila Jumapili usiku, muda wa kila mtu uliwekwa kwenye WhatsApp, wa haraka juu, wa polepole chini. Rafiki yangu hakuvumilia kukaa chini. Akaanza kuamka saa kumi na nusu alfajiri, siku sita kwa wiki, kilomita mbili na nusu kila siku, kisha matatu ya kwenda mjini nywele zikiwa mbichi, kazini saa mbili. Jioni analala na viatu.

Bega la kulia lilianza kulia kidogo akivaa sweta. Akamwambia kocha. Kocha akasema avumilie, mwili utazoea.

Piga hesabu nami hapa. Mtu mzima aliyejifunza ukubwani huvuta maji mara 25 hivi ili kuvuka mita 25. Kwa kilomita moja hiyo ni mara 1,000. Kwa kilomita 15 za wiki ya rafiki yangu ni mara 15,000, nusu yake kila bega. Kama mkono unaingia majini vibaya hata kidogo, unarudia kosa hilo mara 7,500 kila wiki. Bega halina siri ya kuzoea mambo kama hayo. Linavimba kwenye kano, na kano hazina haraka ya kupona.

Miezi minne hakuweza kumwinua mtoto wake kwa mkono wa kulia. Mtoto alikuwa na miaka miwili, umri ule wa "nibebe" kila dakika. Hilo lilimliza. Lakini bega lilipona. Ambacho hakikupona ni hamu. Alimgawia mpwa wake miwani, akatoka kwenye grupu, na kwa miaka miwili hakugusa maji. Mtu aliyeshinda hofu akiwa mkubwa, akawa anaogelea vizuri kuliko sisi wote, alifukuzwa majini na orodha ya WhatsApp.

Usidhani sasa nawatetea watu wa chipsi. Nilipokuwa mmoja wao, karibu nizame.

Ilikuwa Diani. Nilikuwa na mwaka mzima wa Jumapili zangu, najiona samaki. Tulipanda mashua kwenda kuangalia matumbawe, na wenzangu walipojitosa, nami nikajitosa. Hakuna kushika simu tena, si nimejua? Nikaogelea vizuri kabisa kwa muda mfupi, halafu mwili wangu ukatafuta ukuta. Haukuwepo. Kidimbwi changu cha Jumapili kilikuwa na urefu wa mita 12. Maishani mwangu sikuwahi kuogelea zaidi ya mita 12 bila kugusa kitu. Nilianza kuhema, nikameza chumvi, nikasahau kila nilichofundishwa. Nahodha alinirushia kamba bila hata kupaza sauti. Akaniambia, "Dada, shika tu, usipigane na maji." Wenzangu hawakujua chochote mpaka nilipowaambia jioni.

Ndiyo maana huwa nawaza sana kuhusu Eric Moussambani. Huenda umewahi kuona video yake. Yeye ni wa Guinea ya Ikweta, na alifika Olimpiki ya Sydney mwaka 2000 akiwa na miaka 22, miezi michache tu baada ya kuanza kujifunza. Alikuwa amefanya mazoezi kwenye kidimbwi cha hoteli cha mita 13 hivi. Kile cha mita 50 alikiona mara ya kwanza Sydney. Katika mchujo wa mita 100 mtindo huru walikuwa watatu. Wawili waliruka kabla ya ishara wakaondolewa, akabaki peke yake mbele ya uwanja mzima. Mita 50 za kwanza alienda sawa. Za kurudi, mwili ulikataa. Alimaliza kwa dakika 1 na sekunde 52.72, huku watu wakisimama kumpigia makofi.

Wengi hukumbuka kicheko. Mimi nakumbuka kilichofuata: alirudi kwao akaendelea na mazoezi, akashuka chini ya dakika moja kwa mita hizo hizo 100, na mwaka 2012 akafanywa kocha wa timu ya taifa ya kuogelea. Tatizo lake Sydney halikuwa moyo. Alikosa urefu wa kidimbwi na muda wa kutosha, na hivyo ni vitu vinavyotafutwa.

Kwa hivyo uzito uende wapi? Kwangu, uzito wote uwe kwa mambo yatakayokuweka majini miaka mingi, na stopwochi ipewe kilichobaki.

La kwanza ni pumzi, na hapa ndipo wengi wetu tuliojifunza ukubwani tunaanguka. Tunabana pumzi uso ukiwa majini, halafu tukigeuza kichwa tunajaribu kutoa na kuvuta hewa kwa nusu sekunde. Haiwezekani. Hewa chafu inajaa kifuani, mwili unadhani unakufa, na wewe unasema huna stamina. Unaweza kukimbia kilomita 21 bila shida na bado uishiwe pumzi mita 25. Toa hewa polepole uso ukiwa ndani ya maji, mfululizo, kwa mapovu, vile nilivyofundishwa na mwalimu wangu wa miaka sita. Ukigeuka, kazi iliyobaki ni kuvuta tu.

La pili ni umbo. Maji ni mazito kuliko hewa takriban mara 800. Ukiinua kichwa kuangalia mbele, kiuno kinashuka, miguu inaburuta, na sasa unasukuma ukuta wa maji badala ya kupita kati yake. Mtu mwenye nguvu za gym na kichwa kilichoinuka atapitwa na mzee aliyelala vizuri majini. Nimepitwa na mzee wa namna hiyo mara nyingi, na huwa hata hanioni. Tazama chini, sakafuni. Kama una pesa ya kocha ya mara moja tu kwa mwezi, itumie kwa hili, na mwombe mtu akurekodi kwa simu. Utashangaa. Unachodhani unafanya na unachofanya ni vitu viwili tofauti.

Halafu ratiba. Mara tatu kwa wiki, dakika 45, inamtosha mtu mwenye kazi na matatu za kupanda. Hata mbili ni sawa. Mimi huanza na mita 200 polepole, kisha mita 50 mara nne za kurekebisha kosa moja tu, kisha kazi yenyewe: mita 50 mara nane, nikipumzika sekunde 20 kati ya kila moja, ya nane iwe sawa na ya kwanza. Nikiona ya sita imechelewa sana, najua nilianza kwa kiherehere. Kisha mita 200 za kupoa. Jumla ni kilomita moja. Kwenye kidimbwi cha mita 25 hiyo ni kuvuka mara 40. Kama chako ni cha mita 20, mara 50. Na mara moja kwa mwezi, baada ya lile funzo la Diani, naenda kidimbwi kirefu, hata kama nalipa zaidi na kubadilisha matatu mbili.

Ukisikia maumivu ya misuli kesho yake, hiyo ni kazi. Ukisikia maumivu yanayochoma ndani ya bega ukiinua mkono, acha siku hiyo hiyo. Usiulize grupu ya WhatsApp. Na kama umepitisha miaka mingi bila mazoezi, au kwenu kuna presha na magonjwa ya moyo, mwone daktari kabla ya kuanza kushindana na saa.

Mashindano je? Ingia. Nasema hivyo nikijua vile gala yangu ya kwanza ilivyokwenda. Mita 50 mtindo huru. Niliruka, miwani ikashuka mpaka kidevuni, nikaogelea macho yamefungwa na kugonga kamba ya leni mara mbili. Dakika 1 na sekunde 9, wa mwisho, na mtangazaji akasema "tumpigie makofi" kwa ile sauti. Nilitaka kuyeyuka. Lakini wiki sita kabla ya siku hiyo nilikuwa nimeenda mazoezini bila kukosa, jambo ambalo sijawahi kufanya kwa kitu chochote cha hiari. Kuwa na tarehe kulinitoa kitandani. Daktari Arthur alikuwa sahihi.

Leo muda wangu ni sekunde 58. Ili usiniite bingwa, kumbuka Jason Dunford, kijana wetu wa Nairobi, aliogelea mita 100 za kipepeo kwa sekunde 51.14 kwenye mchujo wa Olimpiki ya Beijing mwaka 2008. Ikawa rekodi ya Olimpiki kwa muda mfupi, na fainali akamaliza wa tano. Yaani yeye angekuwa amemaliza mita 100 za mtindo mgumu zaidi, ametoka majini, na mimi bado nahangaika na 50 zangu. Hilo halinisumbui tena. Ninayempima ni yule dada wa dakika 1 na sekunde 9.

Onyo moja ambalo siwezi kuliacha, kwa sababu naliona kila likizo. Ule mchezo wa kushindana nani atakaa chini ya maji muda mrefu, mtu akihema haraka haraka kwanza "kujaza hewa", unaua hata waogeleaji wazuri. Kuhema hivyo hakuongezi hewa ya maana. Kunapunguza ile hewa chafu ambayo huuambia mwili "toka, vuta pumzi", kwa hivyo onyo linachelewa na mtu anazimia akiwa chini, kimya, marafiki wakidhani anavunja rekodi. Usiufanye. Na usiogelee peke yako, hata ukiwa na medali. Baharini, mkondo ukikuvuta, usipigane nao kuelekea ufuoni. Ogelea sambamba na ufuo mpaka utoke kwenye mkondo, ndipo urudi.

Nikichoka na muda wangu, humfikiria Mieko Nagaoka wa Japani. Alianza kuogelea akiwa amepita miaka 80. Mwaka 2015, akiwa na miaka 100, aliogelea mita 1,500 bila kusimama kwa saa 1, dakika 15 na sekunde 54, chali, kwenye kidimbwi cha mita 25. Hebu piga hesabu una miaka mingapi kabla ya kufika pale alipoanzia.

Rafiki yangu alirudi mwaka huu. Hakuniambia. Nilimkuta tu Jumamosi moja kwenye leni ya polepole, mtoto wake, sasa mkubwa kidogo, akitoa mapovu upande wa kina kifupi. Anaogelea mara mbili kwa wiki. Hana saa mkononi. Nilipomwambia kuhusu gala ijayo alikataa, kisha akauliza kama kuna mbio za kupokezana, kwa sababu kwenye hizo muda wako hautangazwi peke yake.

Zipo. Kanuni za masters zinajumlisha umri wa waogeleaji wote wanne: 100 hadi 119 ni kundi moja, 120 hadi 159 ni jingine. Mimi nina 31, yeye ana 34, na tumempata kaka mmoja wa ofisini kwao mwenye 29 anayejua mtindo wa chura tu lakini anaujua vizuri. Jumla 94. Tukipata wa nne mwenye miaka 25 tutakuwa na 119, na tutawekwa na vijana watakaotumaliza. Kwa hivyo tunatafuta mtu wa miaka 26 au zaidi. Kujua kuruka si lazima.